Rekodi za Ubisoft: ndugu watano, kanisa moja na Bahari ya Hindi

Mchezo uliosubiriwa kuliko yote

Mei 2008, jijini Paris, kampuni ya michezo ya video ya Ubisoft ilionyesha filamu fupi: gari limekwama jangwani, na kando yake yupo msichana na mwenzake mwenye kichwa cha nguruwe. Watazamaji waliwatambua mara moja. Walikuwa Jade na Pey'j, wahusika wa Beyond Good & Evil, mchezo wa mwaka 2003 ambao haukuuza sana lakini uliwakaa moyoni wote walioucheza. Filamu ile ilitangaza sehemu ya pili. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka ule sasa ni watu wazima, na sehemu ya pili bado haijatoka.

Mwaka 2022 Beyond Good & Evil 2 iliipokonya Duke Nukem Forever rekodi ya mchezo mkubwa uliokaa muda mrefu zaidi kati ya kutangazwa na kuuzwa. Mchezo huo wa Kimarekani ulitangazwa mwaka 1997, ukaingia madukani mwaka 2011, na kwa miaka mingi ulikuwa mfano wa ahadi zisizotimia. Leo mfano huo ni wa Wafaransa. Mwaka 2017 Ubisoft ilileta filamu nyingine, yenye hadithi iliyorudi nyuma hadi kabla ya Jade kuzaliwa, ikiwa na vyombo vya angani na sayari ambazo mchezaji angezizunguka apendavyo. Mwaka 2020 Michel Ancel, aliyeubuni ulimwengu huo, aliondoka kwenye kampuni. Tangu hapo uongozi umekuwa ukirudia kusema kwamba kazi inaendelea.

Naianza orodha na rekodi hii kwa sababu inaeleza tabia ya kampuni kuliko takwimu yoyote ya mauzo. Kampuni nyingine ingeufuta mradi kama huu zamani, ikatangaza hasara na kusonga mbele. Ubisoft inaushikilia. Ili kujua kwa nini, inabidi kurudi kijijini.

Familia iliyokaa usukani muda mrefu

Carentoir ni mji mdogo wa Bretagne, magharibi mwa Ufaransa. Huko familia ya Guillemot ilikuwa ikiuza pembejeo kwa wakulima. Katika miaka ya 1980 wana watano wa familia hiyo, Claude, Michel, Yves, Gérard na Christian, waliongeza biashara ya kompyuta, wakagundua kwamba bidhaa zilizouzwa ghali Ufaransa zilipatikana Uingereza kwa bei ya chini sana. Wakaanza kuziagiza ng'ambo ya mlango wa bahari na kuwauzia wateja kwa njia ya posta. Machi 1986 walianzisha Ubisoft ili watengeneze michezo yao wenyewe. Yves amekuwa mkuu wa kampuni tangu 1988.

Katika tasnia ambayo waanzilishi huuza mapema na kwenda kupumzika, muda huo ni mrefu ajabu. Michezo ya video imepita kutoka kaseti hadi diski, kutoka diski hadi kupakuliwa mtandaoni, na kampuni nyingi za Ufaransa zilizoanza enzi zile zimekufa au kumezwa na nyingine. Ndugu hawa bado wapo.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Zombi, wa mwaka 1986, kwa kompyuta ya Amstrad CPC: watu wanne wamezingirwa na wafu wanaotembea ndani ya jengo la maduka. Ulichota wazi kutoka kwenye filamu za George Romero. Miaka 26 baadaye Ubisoft ililirudia wazo hilo katika ZombiU, mchezo uliofungua soko la mashine ya Wii U ya Nintendo. Ndani yake, mchezaji akiuawa mitaani London haanzi upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Anaendelea kama mtu mwingine aliyenusurika, na akitaka kuupata mkoba wake wa zamani inabidi amtafute yule wa mwanzo, ambaye sasa ni zombi, amuue na kumpora. Kwangu hii ni mojawapo ya kanuni bora kuwahi kutungwa katika michezo ya kutisha, na inasikitisha kwamba mashine iliyoubeba haikupata wanunuzi wengi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ndugu hao walikodi kasri la kale huko Bretagne, wakawaweka humo vijana wa kuandika programu na kuchora. Gharama ziliwashinda na wakahamia jirani na Paris. Katika kizazi hicho cha mwanzo alikuwamo Ancel, ambaye mwaka 1995 alikuja na Rayman.

Rayman hana mikono wala miguu. Ana viganja, viatu, kiwiliwili na kichwa, vyote vikielea bila kuungana. Mashine za wakati ule zilikuwa na nguvu ndogo, na kukigawa kiumbe katika vipande vinavyokwenda kila kimoja peke yake kulirahisisha kumchora akikimbia, akirusha ngumi na kuning'inia. Udhaifu wa vyombo ukazaa umbo ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kulichora bila kukosea. Sijui mhusika mwingine aliyepungukiwa viungo vingi hivyo akadumu miaka mingi hivyo.

Vita kali kuliko zote nje ya skrini

Mara mbili wakubwa wamejaribu kuisogelea Ubisoft ili waitawale, na mara zote mbili walirudi mikono mitupu. Desemba 2004 Electronic Arts ya Marekani, kampuni iliyokuwa ikitengeneza michezo ya FIFA, ilinunua karibu asilimia 20 ya hisa bila kuombwa. Ndugu wa Guillemot waliigomea, na mwaka 2010 Wamarekani wakaziuza hisa zao.

Mara ya pili ilikuwa hatari zaidi. Oktoba 2015 Vivendi ilianza kununua hisa sokoni. Nyuma ya Vivendi alikuwepo Vincent Bolloré, Mbretoni mwenzao, ambaye jina lake wasomaji wengi wa hapa wanalikumbuka kutoka kwenye maghala na malori ya mizigo, maana kundi lake liliendesha biashara ya usafirishaji katika bandari nyingi za Afrika hadi lilipoiuza mwaka 2022. Alikuwa na sifa ya kununua kidogokidogo hadi mwenye nyumba anajikuta mpangaji. Juni 2016 Vivendi iliitwaa Gameloft, kampuni ya michezo ya simu iliyoanzishwa na Michel Guillemot, na Michel akaondoka. Kwa Ubisoft, ikafika zaidi ya asilimia 27.

Yves akaenda kutafuta marafiki. Alizungumza na wafanyakazi, na wenyehisa, na wawekezaji wa nje, akidai kwamba michezo haitengenezwi kwa amri ya mwenye fedha. Kilichomsaidia zaidi ni bei ya hisa, iliyopanda mno hata ikawa ghali kuimaliza kazi. Machi 2018 Vivendi ilikubali kuuza hisa zake zote kwa takriban yuro bilioni 2, ikaondoka na faida nene lakini bila kampuni. Miongoni mwa walionunua walikuwepo mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, Kanada, na Tencent ya China.

Mwaka huohuo hisa moja ya Ubisoft ilivuka yuro 100. Kufikia mwishoni mwa 2024 ilikuwa imeporomoka hadi karibu sehemu ya kumi ya hapo. Machi 2025 Tencent iliahidi yuro bilioni 1.16 ili ipate robo ya kampuni tanzu mpya, Vantage Studios, iliyokabidhiwa mifululizo mitatu mikubwa: Assassin's Creed, Far Cry na Rainbow Six. Tanzu hiyo ilithaminiwa karibu yuro bilioni 4, wakati Ubisoft nzima, ikiwa na hiyo tanzu ndani yake, ilikuwa na thamani isiyofika nusu ya hapo sokoni. Mmoja wa viongozi wawili wa kwanza wa Vantage ni Charlie Guillemot, mtoto wa Yves. Alizuiwa Mbretoni kwa gharama kubwa, sasa Mchina anakaribishwa mezani na kupewa kiti. Nadhani ndugu hao walipigania jina la familia mlangoni kwa nguvu kuliko walivyopigania kitu kingine chochote.

Zilizouza kuliko zote

Hapa nitapita haraka, maana rekodi za fedha huvunjwa na zinazofuata. Tom Clancy's The Division ya Machi 2016 iliingiza dola milioni 330 duniani kote ndani ya siku tano, mwanzo mkubwa kuliko wa mchezo wowote wa Ubisoft hadi wakati huo. Far Cry 5 ya mwaka 2018 iliifuata kwa karibu, dola milioni 310 katika wiki ya kwanza. Assassin's Creed Valhalla ya mwaka 2020, ya maharamia wa Kiviking, ndiyo ya kwanza katika mfululizo wake kupita mapato ya dola bilioni moja. Mfululizo mzima ulishauza nakala milioni 200 kufikia 2022, nao ulianza kama tawi la Prince of Persia: mhusika alipaswa kuwa mlinzi wa mwana wa mfalme, kisha mlinzi akampiku bosi wake na kupata mchezo wake mwenyewe mwaka 2007.

Rainbow Six Siege inastahili neno zaidi. Ilitoka Desemba 2015 ikiwa na mambo machache na makosa mengi, na mapokezi yakawa ya baridi. Badala ya kuiacha, watengenezaji wa Montréal waliirekebisha mwaka baada ya mwaka, na miaka kumi baadaye ilikuwa bado na mashindano ya dunia na mamilioni ya wachezaji. Hii ndiyo sura nzuri ya ile tabia ya kutoachia, tabia ileile iliyoipa Beyond Good & Evil 2 rekodi yake ya aibu.

Mashine iliyozikwa mwisho

Nintendo ilileta Wii mwaka 2006. Kampuni nyingine kubwa zilikuwa zimeshaiacha kitambo Ubisoft ilipotoa Just Dance 2020 kwa mashine hiyo Novemba 2019, miaka 13 baadaye, ikiwa miongoni mwa michezo yake ya mwisho. Wala haikuwa huruma. Wanunuzi walikuwepo: familia, nyumba za wazee, shule, watu wasiotaka mashine mpya bali kuisukuma meza ukutani na kucheza muziki.

Just Dance ilizaliwa mwaka 2009 kutokana na mchezo mdogo uliokuwa ndani ya mkusanyiko wa Rabbids, wale sungura wenye kelele. Wakosoaji wa Ulaya na Marekani waliiponda. Waliicheza kama wanaocheza michezo ya kawaida, wakihesabu pointi na kulalamika kwamba kifaa hakipimi vizuri mwendo wa mkono. Hawakuona kwamba mchezo wenyewe uko sebuleni, kwa shangazi anayecheka na binamu anayekosea hatua. Imekuwa mfululizo wa dansi uliouza kuliko yote duniani, na naiheshimu kuliko mingi yenye bunduki, kwa sababu iliwaita watu ambao tasnia hii haikuwahi kuwaalika.

Sungura haohao waliipa Ubisoft machozi yake mashuhuri kuliko yote. Juni 2017, Los Angeles, Davide Soliani wa studio ya Milan alikuwa ameketi kati ya watazamaji mchezo wake wa Mario + Rabbids ulipotangazwa. Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, alimtaja kutoka jukwaani. Kamera ikamnasa Mwitaliano huyo akilia waziwazi, mtu mzima aliyekubaliwa na mwalimu wake mbele ya dunia.

Jengo lililojengwa kwa uangalifu kuliko yote

Novemba 2014 Ubisoft ilitoa Assassin's Creed Unity, Paris ya wakati wa Mapinduzi ya mwaka 1789. Siku ile ya kwanza iliingia katika historia kwa sababu mbaya. Mchezo ulitoka haujaiva. Wahusika walizama barabarani hadi kiunoni, na picha iliyosambaa kuliko zote ilikuwa ya mtu ambaye ngozi ya uso wake haikutokea: macho mawili, meno, ufizi na nywele vikizungumza vyenyewe hewani. Bosi wa studio ya Montréal, Yannis Mallat, aliandika barua ya kuomba radhi, sehemu ya ziada ya mchezo ikatolewa bure, na waliokuwa wamelipia mapema vifurushi vya nyongeza wakapewa mchezo mwingine. Mwaka 2016 kampuni ikavunja desturi yake na kutotoa Assassin's Creed kubwa hata moja.

Lakini ndani ya mchezo huohuo limesimama kanisa la Notre-Dame. Msanii Caroline Miousse alilifanyia kazi kanisa hilo kwa zaidi ya mwaka mmoja, karibu peke yake, akitazama picha na michoro, akipanga mawe safu kwa safu kwa msaada wa wasanii wenzake. Mchezaji anaweza kulipanda kutoka mlangoni hadi juu ya minara, kiganja baada ya kiganja, akishika sanamu za wafalme, kingo za madirisha, na matao yanayoshikilia kuta kwa nje. Ukifika juu unakuta mnara mwembamba wenye ncha, ule ambao dunia nzima iliuona ukianguka katika moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Wakati wa Mapinduzi mnara huo haukuwepo. Wa kale ulikuwa ukibomolewa, na huu ulijengwa na msanifu majengo Viollet-le-Duc katika karne ya 19. Watengenezaji walijua hivyo, wakauweka kwa makusudi, kwa sababu bila huo Paris isingetambulika kwa mchezaji. Wanahistoria walinung'unika. Mimi nawaelewa watengenezaji: jengo hukumbukwa kwa umbo lake la mwisho.

Baada ya moto Ubisoft ilitoa yuro 500,000 za ukarabati na kuugawa mchezo bure kwa watumiaji wa kompyuta kwa wiki moja. Hapo ikazuka hadithi, inayosimuliwa hadi leo, kwamba mafundi walilijenga upya kanisa kwa kutumia ramani ya mchezo. Si kweli. Vipimo vya kuaminika vilikuwepo tayari, vya Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa wa chuo cha Vassar, Marekani, aliyelipima kanisa hilo kwa leza miaka kadhaa kabla ya moto. Kazi ya Miousse haikuwa ya vipimo. Ilikuwa ya kumpa mtu ambaye hatafika Paris nafasi ya kukaa juu ya mnara na kuona paa za jiji zikianza kupata mwanga asubuhi.

Darasa kubwa kuliko yote

Mwaka 2017 mfululizo huo ulihamia Misri ya wakati wa Kleopatra, katika Assassin's Creed Origins, na mhusika wake mkuu, Bayek wa oasisi ya Siwa, ni Mwafrika anayelinda watu wake. Februari 2018 Ubisoft ilifanya jambo ambalo hakuna kampuni kubwa iliyokuwa imelifanya kwa kiwango hicho. Iliondoa mapigano yote ndani ya mchezo, ikaiacha nchi nzima wazi kama jumba la makumbusho lenye ziara 75 zilizoandaliwa pamoja na wataalamu wa historia. Mwalimu anaweza kuwaongoza wanafunzi ndani ya piramidi, kwenye maktaba ya Aleksandria, au kwenye meza ambapo maiti inakaushwa. Ugiriki na nchi za Waviking zikafuata kwa mtindo huohuo.

Ziara hizo zinaeleza hata pale ambapo mchezo ulibuni kitu na sababu yake. Sijaona uaminifu wa namna hiyo katika filamu za historia.

Studio kubwa, na studio kongwe iliyofungwa

Ubisoft Montréal ilifunguliwa mwaka 1997 katika jengo lililokuwa kiwanda cha nguo. Serikali za Québec na Kanada zililipa sehemu ya mshahara wa kila mfanyakazi ili kampuni ikubali kuja. Ilikua hadi kupita watu 4,000, miongoni mwa studio kubwa kabisa za michezo duniani, na jiji zima likageuka kuwa mji wa kazi hiyo. Mwaka 2022 kampuni kwa jumla ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000, kisha ikaanza kupunguza.

Afrika nayo ilikuwa na rekodi yake. Mwaka 1998 Ubisoft ilifungua studio Casablanca, Morocco, iliyokuja kujulikana kuwa kongwe kuliko zote Afrika Kaskazini. Vijana wa Kimorocco walitengeneza humo michezo ya mashine ndogo za mkononi na ya simu kwa miaka 18. Juni 2016, mwezi uleule Gameloft ilipotwaliwa, milango ilifungwa. Québec ililipia mishahara ili studio ije. Casablanca haikupata serikali ya kuilipia ibaki.

Kurasa nyeusi

Julai 2025 mahakama ya Bobigny, karibu na Paris, iliwatia hatiani waliokuwa viongozi watatu wa Ubisoft kwa unyanyasaji kazini. Serge Hascoët, aliyekuwa mkuu wa ubunifu, alipewa kifungo cha miezi 18 kilichoahirishwa na faini ya yuro 45,000. Thomas François alipewa miaka mitatu iliyoahirishwa. Ilikuwa kesi kubwa ya kwanza ya aina yake katika tasnia ya michezo ya Ufaransa, na ilifika mahakamani kwa sababu mwaka 2020 wafanyakazi, wengi wao wanawake, waliamua kusema wakati kusema kulikuwa na gharama. Walifanya kazi kwenye michezo tunayoisifu humu, na walipaswa kuitengeneza kwa amani.

Rekodi nyingine nyeusi ni ya mchezo ambao kifo chake kilisikika mbali kuliko uhai wake. The Crew ya mwaka 2014, kazi ya Ivory Tower ya Lyon, ilimpa dereva Marekani nzima iliyofupishwa, aendeshe kutoka New York hadi Los Angeles bila kusimama. Ilihitaji seva hata kwa anayecheza peke yake. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na mchezo ambao watu waliununua madukani kwa fedha zao ukawa diski isiyofungua kitu. Mmarekani aishiye Poland, Ross Scott, akaanzisha harakati za kuzuia michezo isiuliwe, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa na saini zaidi ya milioni moja. Ubisoft yenyewe iliahidi kwamba michezo iliyofuata ya The Crew itachezeka bila mtandao. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, anayelipia bando kabla hajashika pedi, hoja hii iko karibu sana: mchezo unaodai intaneti kila dakika haujawahi kuwa wake kikamilifu.

Zilizokaribia pwani yetu

Assassin's Creed Mirage ya mwaka 2023 iko Baghdad ya mwaka 861, na ndani yake yumo Ali ibn Muhammad, mtu ambaye miaka michache baadaye, mwaka 869, aliwaongoza Wazanji kuasi katika mabwawa ya chumvi ya Basra. Watumwa wale walipigana hadi 883. Wengi waliitwa Wazanji kwa sababu ya asili yao huku kwetu, Afrika Mashariki. Mchezo unamwonyesha kiongozi kabla ya vita yenyewe, na nilipoona jina lao kwenye mchezo unaouzwa kwa mamilioni, nilitamani hadithi iwafuate wao badala ya kuwapita.

Kisha kuna Skull and Bones. Ilianza mwaka 2013 kama nyongeza ya mchezo wa maharamia wa Assassin's Creed IV, ikawa mchezo kamili mikononi mwa Ubisoft Singapore, ikatangazwa 2017, ikaahirishwa mara nyingi hadi ikatoka Februari 2024. Yves Guillemot aliipandisha daraja mwenyewe: wakati tasnia inayaita matoleo makubwa kwa herufi A tatu, yeye aliipa nne. Wachezaji hawakukubaliana naye.

Bahari yake ni Bahari ya Hindi. Kuna Pwani ya Afrika, kuna kundi la wafanyabiashara liitwalo Ungwana, jina la ghuba iliyo mdomoni mwa Mto Tana. Chombo cha kwanza anachopewa mchezaji ni dau la kuwindia papa kwa mikuki, na baadaye anaweza kuunda sambuku lenye mizinga ya moto. Mawimbi yamechorwa vizuri kuliko katika mchezo wowote niujuao: maji hubadilika rangi karibu na mwamba, na wingu la dhoruba linapokuja unaliona mbali kabla halijakufikia.

Kasoro yake ni kwamba nahodha hashuki. Isipokuwa kwenye vituo vichache vya kuuza na kununua, nchi kavu huonekana kutoka kwenye sitaha tu, na watu wa pwani ni maboma ya kupigwa mizinga na shehena za kuporwa. Kampuni iliyotumia zaidi ya mwaka kwenye kanisa moja la Paris, na iliyowaruhusu wanafunzi kuzunguka Aleksandria bila kuchomoa upanga, ilipofika kwetu ilipita na tanga wazi.

Vifaa vya kazi vipo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981. Husuni Kubwa, jumba la sultani al-Hasan ibn Sulaiman lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya mia na birika lenye pembe nane linalotazama bahari. Wanaakiolojia wamelipima, wameuchora mpango wake, na Ibn Battuta aliufikia mji huo mwaka 1331 na kuandika alichokiona. Mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, umejengwa upya kwa kiwango kamili na kuwekwa makumbusho Zanzibar. Studio ya Singapore inajua tayari jinsi ya kulijaza tanga upepo. Inachohitaji kuongeza ni gati, na njia ya kupanda kutoka kwenye gati hadi barazani.